Tarumbeta la Kanisani Kwenye Bendi ya Jazz

Bendi yetu ya jazz hufanya mazoezi Soweto, Mbeya, kwenye chumba kirefu nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Wachomeleaji wakiwa kazini sisi hatuwezi kupiga kitu, kwa sababu ya nyundo. Tunasubiri wakae kula, ndipo tunaanza. Wao ndio wasikilizaji wetu wa kwanza. Wimbo ukiwa mzuri wanakula polepole. Ukiwa mbaya wanarudi kazini kabla ya wakati, na hapo mazoezi yamekwisha.

Tukisema jazz huku hatumaanishi kitu cha mbali. Ni muziki wa dansi, ule wa magita, tumba, drams na tarumbeta, ambao wazazi wa wazazi wetu waliucheza wakiwa vijana. Kila kiangazi, mahindi yakishavunwa, bendi huwa na msimu wa maonyesho Mbeya, Mafinga na Iringa, na kila onyesho kubwa lina mgeni wake. Wageni wetu wengi wanatoka kwenye joto na hawaamini wanachoambiwa kuhusu baridi. Msimu uliopita mpiga gita mmoja kutoka Tabora alishuka kwenye basi mwezi wa saba na shati la mikono mifupi.

"Jamani," alituuliza huku meno yakigongana, "hapa mnaishi au mnahifadhiwa?"

Alipiga onyesho zima akiwa amevaa koti la mke wa kiongozi wetu, lenye vifungo vya maua, na watu wakadhani ndiyo mitindo ya Tabora.

Mimi niliingia kwenye bendi kwa sababu ya meno. Mpiga tarumbeta aliyekuwepo aling'olewa meno ya mbele, na bila meno hayo midomo haina pa kuegemea, hewa inatoka ovyo tu. Kiongozi wa bendi, mzee anayepiga gita la solo, alikuwa amenisikia kwenye harusi Uyole. Nilikuwa nyuma ya pikapu na kundi la matarumbeta la kanisa letu, nimejibanza nyuma ya kijana wa tarumbeta kubwa kuliko yote. Kesho yake akaja sokoni, kwenye meza ya viazi ya shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea.

"Dada, habari za biashara."

"Nzuri. Umefuata viazi au maneno?"

"Maneno."

"Maneno hayana debe. Sema."

"Namtaka huyu binti."

Shangazi akaweka chini kiazi alichokuwa anakifuta. "Wa nini?"

"Wa tarumbeta."

"La baa?"

"La ukumbini, dada. Tunaanza alasiri, na nitamrudisha mwenyewe mpaka mlangoni."

"Mwenyewe anasemaje?"

Wakanigeukia wote wawili. Mimi nikaangalia viazi.

"Amekubali," alisema shangazi. "Akikataa huwa anaondoka."

Ni kweli, huwa naondoka. Maneno hunitoka polepole, hata haya ninayoandika yamenichukua muda mrefu. Kwenye tarumbeta sijawahi kutafuta neno. Ndiyo maana baada ya wiki chache za mazoezi nilijua kwamba bendi ile naitaka, hata kama sikumwambia mtu.

Shida yangu ilikuwa moja, na niliitoa kanisani. Kwetu matarumbeta hukaa juu, kwenye roshani, nyuma ya waumini wote. Nilianza kupiga pale nilipomaliza darasa la saba, na kila Jumapili nilichokiona ni migongo na vilemba. Hakuna aliyegeuka kuniangalia, na mimi nilipapenda kwa sababu hiyo. Kazi yetu kubwa pale ilikuwa kuwasubiri watu. Mwisho wa kila mstari wa wimbo, matarumbeta hushikilia sauti ya mwisho mpaka mabega ya waumini yanyanyuke. Yakinyanyuka, maana yake wamevuta pumzi, na hapo tunaingia pamoja mstari unaofuata. Kuna bibi mwenye pumzi fupi na kuna baba wa kwaya mwenye pumzi ndefu, wote tunawasubiri. Mwalimu wetu alimsamehe aliyekosea noti. Aliyekata sauti kabla ya watu hakusamehewa upesi.

Kwenye dansi hakuna anayemsubiri mtu. Ukimaliza, unaachia, mwenzako anaingia. Nyimbo za haraka hazikunisumbua, kwa sababu hazina nafasi ya kushikilia kitu. Nyimbo za polepole ndizo zilizonishinda.

Na mgeni wa mwisho wa msimu alikuja na wimbo wa polepole. Alikuwa mama mwimbaji kutoka Dar es Salaam, mwenye umri wa bibi yangu, na wimbo wake huo redio inaupiga mpaka leo. Watu walinunua tiketi kwa ajili ya wimbo huo tu. Ndani yake mama anaimba mstari, tarumbeta linamjibu, halafu mama anaingia tena papo hapo, kabla hewa haijapoa. Ndivyo ulivyo.

Siku ya mazoezi alikaa karibu na jiko la mkaa, amejifunga vitenge viwili na kuvaa soksi za mpira wa miguu alizoazima. Akaimba mstari wa kwanza. Nikamjibu. Nikafika sauti ya mwisho, nikaishikilia.

Mama akanyanyua mkono, bendi ikasimama.

"Nani huyo? Mimi nataka kuingia, yeye kasimama mlangoni."

Kila mtu akaniangalia. Mpiga besi wetu, fundi mwashi ambaye utani ndiyo salamu yake, akajibu kwa niaba yangu.

"Msamehe, mama. Huyu ni wa kanisani. Anasubiri kapu la sadaka lifike nyuma."

Kuanzia siku hiyo akaniita Mchungaji.

Tulirudia mpaka wachomeleaji wakarudi kazini. Mara nyingine niliachia vizuri, mara nyingine nilijikuta nimeshikilia kabla sijajua. Mama hakuwa mkali. "Mwanangu," aliniambia, "mimi sihitaji kusubiriwa. Pumzi ninayo."

Onyesho la Mbeya lilijaa. Nilipiga nikiwa nimegeukia spika, ili nisione watu. Ubeti wa kwanza ulipita. Ubeti wa pili nikashikilia. Mama akaingia juu ya sauti yangu, akasita, akarudi nyuma, drams zikampita. Watu walipiga makofi kama kawaida, nadhani wengi hawakugundua. Lakini mimi nilimwona kiongozi wetu akiinamia gita lake kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

Tulipokuwa tunakunja nyaya akanijia.

"Binti, Mafinga kuna mzee mstaafu, alikuwa anapiga tarumbeta kwenye bendi ya jeshi. Nimempigia simu. Jumamosi tukipiga kule atakuja na tarumbeta lake akusikilize. Ukimzibia mama tena, Iringa atapiga yeye."

Nilitaka kuuliza swali, likakwama. Mpiga besi akaliuliza yeye.

"Na msimu ujao, mzee?"

"Atakayepiga Iringa ndiye wa bendi."

Njiani kwenda Mafinga sikuweza kula hata hindi la kuchoma. Mpiga besi akahamia kiti cha karibu yangu na kushusha sauti.

"Mchungaji, sikiliza. Jukwaani nitasimama pembeni yako. Mwisho wa kila mstari nitakukanyaga. Nikikukanyaga, achia."

"Sawa," nilisema.

"Nimevaa viatu vya kazini, usishtuke."

Ukumbi wa Mafinga ulinuka mbao mbichi, na vijana wa kiwanda cha mbao walikuja na unga wa msumeno kwenye nywele. Mzee mstaafu alikaa mbele, ameunyosha mgongo, kisanduku cha tarumbeta juu ya magoti. Wimbo ukaanza. Mama akaimba, nikajibu, nikakanyagwa, nikaachia. Ikawa hivyo ubeti baada ya ubeti. Sikukosea hata mara moja, na kidole gumba cha mguu kikavimba mpaka nikashindwa kufunga kiatu.

"Noti zote sahihi," alisema mzee mstaafu tulipomaliza. "Siwezi kumsingizia."

Kiongozi akamgeukia mama.

"Leo kaniachia mlango," alisema mama. "Lakini amepiga kama mtu anayekanyagwa."

Mpiga besi akaangalia dari.

Kiongozi akasema Iringa nitaanza mimi, na mzee wa Mafinga atakuja nasi kwenye gari, akae karibu na jukwaa na tarumbeta lake likiwa limetolewa kwenye kisanduku. Nikielemewa, apande.

Onyesho la Iringa lilikuwa Jumapili alasiri. Watu wengi walitoka kanisani, wakala, wakaja ukumbini moja kwa moja, Walutheri na Wakatoliki pamoja, na kwaya nzima nzima zilikaa kwa safu na sare zao. Mama akasimama kwenye kipaza sauti, akawasalimia kwa salamu ya Kihehe aliyofundishwa hotelini asubuhi.

"Kamwene!"

"Kamweneee!" ukumbi mzima ukajibu, kwa kicheko, kwa sababu aliitamka kama mtu wa pwani.

Jukwaa lilikuwa dogo. Waya wa besi haukufika upande wangu, kwa hiyo mpiga besi alisimama ng'ambo ya drams. Akanionyesha mguu wake kwa mbali, akatikisa kichwa. Spika nazo ziliwekwa sakafuni, na nyuma yangu palikuwa na ukuta wenye pazia. Hapakuwa na mahali pa kugeukia isipokuwa kwa watu. Chini yangu, mzee wa Mafinga alikuwa analipasha joto tarumbeta lake ndani ya koti.

Wimbo wa mama ulipoanza, watu walipiga kelele, kisha wakanyamaza kabisa. Mama akaimba mstari. Nikajibu, nikaachia. Mstari wa pili, nikaachia. Ubeti wa kwanza ulipita hivyo, mpaka kiongozi akanyanyua uso kutoka kwenye gita.

Katika ubeti wa pili nilifanya kosa la kuwaangalia watu wa mbele. Walikuwa wanakwaya, wanawake wa makamo wenye vitambaa vya bluu shingoni. Nilipokuwa namalizia jibu langu, niliona vifua vyao vikipanda, vyote kwa pamoja. Miaka yote nilikuwa nimeyaona mabega tu, kwa nyuma. Sikuwahi kuona watu wakivuta pumzi kwa mbele, midomo ikifunguka, macho yakiniangalia kuniuliza kama tayari. Mwili wangu ukafanya ulichozoea. Nikashikilia.

Na wao wakaingia.

Waliimba ule mstari ambao mama alikuwa ameuimba, na hawakuuimba ovyo. Sauti ya kwanza ilitoka safu za mbele, ya pili pembeni, ya tatu ikapanda kutoka kwa wanaume, na sauti ya nne, ile nzito, ikatoka nyuma kabisa karibu na mlango, mpaka sakafu ya jukwaa ikatetemeka. Hakuna aliyewapangia. Kwaya zimekaa ukumbini, wimbo wanaujua, tarumbeta limewasubiri. Wangefanya nini kingine?

Drams zikapotea. Gita la solo likanyamaza. Mama alikuwa ameshafungua mdomo ili aingie, akabaki nao wazi. Mimi nilibaki na sauti yangu moja, nikijua nimeshikilia, na nikijua tarumbeta la Mafinga liko tayari. Nikamwona yule mzee ananyanyuka.

Mama akaufunga mdomo. Akakirudisha kipaza sauti kwenye kisimamio chake, akageuka, akaniangalia.

"Tena," alisema.

"Mama?"

"Shikilia tena, mwanangu! Hawajamaliza!"

Akaimba mstari uliofuata bila kipaza sauti, nikajibu, nikashikilia, ukumbi ukaingia. Mpiga tumba ndiye aliyeelewa kwanza. Akaanza kupiga polepole, akiwapa watu nafasi, na magita yakamfuata. Mzee wa Mafinga alikuwa ameshapanda ngazi, na sasa hakujua afanye nini pale juu. Alisimama pembeni yangu kidogo, kisha akaweka tarumbeta mdomoni na kushikilia sauti ya chini ya ile yangu. Tuliurudia ubeti ule mpaka midomo yangu ikafa ganzi. Kila tulipodhani umekwisha, safu fulani ilivuta pumzi.

Baada ya onyesho mama alikaa juu ya spika akijipepea kwa kitenge, ndani ya baridi ya Iringa.

"Wimbo huu nimeuimba maisha yangu yote," alimwambia kiongozi. "Leo nimenyang'anywa. Na wameuimba vizuri, watu wabaya hawa!" Akacheka mpaka akafuta macho.

Kiongozi hakucheka. Ni mtu wa utaratibu, na bendi yake ilikuwa imesimamishwa katikati ya wimbo na watu waliolipa kiingilio. Alimtazama mzee wa Mafinga.

"Mzee, wewe unasemaje?"

"Ameshikilia," alisema yule mzee. "Nilipanda kumwondoa." Akageuza tarumbeta lake, akalikung'uta mate. "Nimekosa pa kumwondolea."

Nilikuwa nimesimama na sweta mkononi, nikisubiri. Mpiga besi safari hii hakunisemea, akawa anakunja makusudi waya ambao ulikuwa umeshakunjwa. Nikaona hakuna atakayeuliza kama siulizi mimi.

"Mzee," nilisema, "mimi ni wa bendi?"

Kiongozi akashtuka, nadhani kwa sababu hakuwahi kunisikia nikiuliza kitu. Akaweka gita kwenye kasha, akalifunga.

"Jumatano mazoezi," alisema. "Uje ujifunze kuachia. Mbeya siyo Iringa, kule watakucheka."

"Sawa, mzee."

"Na tukirudi Iringa msimu ujao, ule wa mama tutaupanga hivi hivi. Utawasubiri."

Mpiga besi akatupa waya chini. "Amina, Mchungaji!" akapaza sauti, na wale akina mama wa vitambaa vya bluu, waliokuwa bado mlangoni, wakamwitikia bila kujua kulikuwa na nini.