Darasa la Saba la Mwalimu Masele

Mwalimu Masele hakuwahi kuonea wivu mali ya mtu. Majirani zake pale Sapiwi walinunua pikipiki na kuezeka bati, naye akawapongeza bila kinyongo. Alichokilinda kwa wivu ni kimoja tu: Hisabati ya darasa la saba. Aliifundisha tangu baadhi ya wazazi wa sasa walipokuwa wao wenyewe wakikaa kwenye madawati yale. Akipita mnadani, wanaume walimwita "Ngosha MAGAZIJUTO", yaani dume la MAGAZIJUTO kwa Kisukuma, naye alitembea akiwa amenyooka zaidi. Neno MAGAZIJUTO alilikaririsha kwa kizazi kizima, ili watoto wasisahau mpangilio wa kukokotoa: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa.

Kisha akaja Mwalimu Yasmini, binti wa Hamimu mwenye duka la vitambaa Bariadi mjini. Alipangiwa darasa la tano na la sita. La saba hakuliomba, lakini mtoto haombi kibali ili ampende mwalimu. Jioni, wakishamaliza kufagia, wasichana wa la saba walimzunguka kwenye kibaraza cha ofisi. Alikokotoa nao hatua moja baada ya nyingine, na kila hatua aliwauliza, "Kwa nini?" Masele aliwatazama kupitia dirishani, kalamu mkononi, akijifanya anasahihisha.

"Shikamoo, mwalimu," Yasmini alimwambia siku moja. "Wanafunzi wako wananipitia tu hapa, usije ukaona vibaya."

"Marahaba. Wanakupitia kama wanavyopita dukani kwa baba yako, kushikashika vitambaa. Kununua wananunua kwangu."

Nasema wazi kwamba mtu mzima anayemjibu hivyo kijana aliyemwamkia kwa adabu amejivunjia heshima mwenyewe.

Mtihani wa majaribio ulipokuja, kulikuwa na swali jepesi: 20 − 8 + 5. Darasa karibu zima liliandika 7, kama Masele alivyofundisha: kujumlisha kwanza, nane na tano ni kumi na tatu, kisha ishirini toa kumi na tatu. Minza aliandika 17. Masele akamkata alama kwa kalamu nyekundu.

"Mwalimu," Minza alisema, "Mwalimu Yasmini anasema kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja. Unaanza na kilichotangulia kushoto."

Mwalimu asiye na wivu angelikokotoa swali lile upya. Masele alisikia jina tu, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, Mama Generoza, ambaye wiki ile alikuwa anapanga nani ataliandaa darasa la saba kwa mtihani wa taifa.

"Mama, yule binti anatuharibia watoto. Njoo darasani ushuhudie, kisha ndiyo upange."

Mama Generoza alikuja, akamwita na Yasmini. Yasmini alisimama karibu na mlango.

"Karibu, mwenye duka!" Masele alisema, na watoto wachache wakacheka. "Leo hesabu tutaipeleka zizini, hata mtoto wa mjini aelewe. Minza, una mbuzi wangapi?"

"Ishirini, mwalimu."

Alichora vijistari ishirini ubaoni. "Wanane umewapeleka mnadani." Akafuta vinane kwa kiganja. "Waliobaki wamezaa watano. Sasa, kwa MAGAZIJUTO, tunajumlisha kwanza. Hao watano tunawaweka pamoja na..."

Chaki ikasimama. Kwa njia yake, vitoto ilibidi viungane na mbuzi waliokwisha kuuzwa.

"Vitoto vimepelekwa mnadani kabla havijazaliwa!" Kabula alipasuka kutoka dawati la nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Yasmini hakucheka. Aliinamisha macho, na nadhani huruma ile ilimuuma Masele kuliko kicheko chote. Angeweza kupiga kelele, kumwadhibu Kabula au kufuta ubao. Alichora vijistari vitano pembeni ya vile kumi na viwili, akaandika 17, akachukua karatasi ya Minza na kumrudishia alama yake mbele ya wote.

"Kujumlisha na kutoa, anzeni kushoto," alisema. "Nilikosea. Mwalimu Yasmini alisema kweli." Jina lile lilimtoka kwa shida, kama mtu anayetemea mate mbali.

Kwa hilo namheshimu. Kwa lililofuata, hapana.

Ofisini Mama Generoza hakumlaumu. "Mtagawana darasa. Wewe chukua maumbo na vipimo, Yasmini achukue namba. Watoto watafaidika."

"Nipe darasa la tatu."

"La tatu? Ngosha, kwa swali moja?"

"Siwezi kugawana."

"Mwalimu, si mke huyo. Ni darasa."

"Mpe lote, mama. Nusu siitaki."

Wanafunzi walihitaji ujuzi wake wa maumbo, ambao hakuna aliyeutilia shaka, naye akawanyima ili asisimame kando ya mtu mwingine. Kukiri kosa ni jambo jema, ila halimsamehe mtu wajibu unaobaki.

Sasa anafundisha darasa la tatu, lililotenganishwa na la saba kwa ukuta mmoja. La saba wakipata jibu hupiga makofi, na sauti hupenya. Hapo Masele hugonga meza kwa rula.

"Jedwali la kuzidisha kwa nne! Kwa sauti! Nawaambia kwa sauti!"

Na watoto wadogo hupaza sauti, bila kujua wanashindana na nani.