Chachu Niliyoachiwa Amana

Nilikhini amana. Sitafuti pengine pa kuanzia, kwa sababu hapana. Sikusoma, anayeniandikia ni mjukuu wangu, na niliyemkhini ni mama yake. Nimemwambia asipunguze neno.

Mwanangu alirudi Maskati katika miaka ya tisini na mke Mjerumani. Alikwisha silimu, akajifunza Kiswahili chetu sisi tuliotoka Unguja, akaniita Mama. Aliingia nyumbani kwetu Azaiba na begi la nguo na chupa ya kioo yenye chachu: unga na maji vilivyochacha, alivyovilisha unga mpya kila asubuhi kama alishaye mtoto. Chachu ile bibi yake alimpa mama yake, mama yake akampa yeye. Kwayo alioka mkate wa kwao, mweusi, mzito, wenye ganda gumu.

Siku ya kwanza nilimuuliza, "Huu mkate au tofali?"

Akacheka. "Kula kwanza, Mama. Tofali limepakwa siagi."

Watoto wao waliupenda. Mkate wangu wa kumimina ukawa unabaki mzima mpaka Magharibi. Hapo ndipo roho yangu ilipoharibika.

Nikaanza kusema kwamba chupa ile inanuka ulevi. Nilisema mbele ya wageni, makusudi. Alinijibu kwa adabu: "Ni unga na maji tu, Mama. Unachacha kama unga wenu wa vikate vya vibibi."

Alisema kweli, na nilijua zaidi yake. Unguja, kabla ya hamira za pakiti, mama yangu akiumua mkate wa kumimina kwa tembo la mnazi, ulevi hasa. Nimeula utoto wangu wote. Nikanyamaza, kwa sababu kimya kile kilinifaa.

Kisha mama yake akafa. Alipokwenda kuzika, aliniachia chupa. "Kijiko cha unga na maji kidogo, Mama, kila asubuhi. Nakuachia amana."

Nikamjibu, "Nenda salama, mwanangu."

Ndege yake haijatua kwao, nami nimeshaimwaga kwenye sinki. Nikaiosha chupa kwa sabuni, nikaianika juani, nikajiambia kuwa nimelitwaharisha jiko.

Aliporudi alikwenda jikoni kabla hajavua baibui. "Mama, iko wapi?"

"Ilioza. Hamira tele madukani Hamriya, nitakuagizia."

Hakunipandishia sauti. Aliinusa chupa, kisha akasema kwamba ndugu zake walipoisafisha nyumba ya marehemu waliitupa na ile chachu ya huko. "Hii ndiyo iliyokuwa imebaki." Akakaa chini sakafuni.

Hakuoka tena. Mwaka haukwisha wakahamia mtaa mwingine, Hail, na wajukuu nikawa nawaona Idi kwa Idi, wakinipa mkono kama wageni. Yeye aliniheshimu mpaka mwisho, kwa heshima isiyo na joto. Katika miaka ya elfu mbili akaugua. Nilikwenda hospitali nimekusudia kumwambia ukweli. Nikamkuta amesinzia, nikamfunika miguu, nikarudi. Akafa na uongo wangu.

Juzi binti yake amenijia. Mama yake alimfundisha vipimo vyote na moto wake, naye ameoka na kuoka, lakini ladha haiji. "Bibi, ile chachu ilikwenda wapi?" Nikamwambia achukue kalamu.

Tulipofika kwenye sinki aliacha kuandika. "Mama alijua?"

"Aliinusa sabuni. Alijua."

Ameendelea kuandika, lakini tangu hapo hajaniita Bibi.

Nyinyi wenye wakaza wana, wake za wana wenu, nakuonyeni: msiuvishe wivu wenu kanzu ya dini. Kama mkate wa mwenzio unakuudhi, sema unakuudhi, uombe msamaha, mambo yaishe. Mimi nilichagua kuonekana mcha Mungu. Wanawake watatu waliilea chachu ile mpaka ikafika mikononi mwangu, na wa nne amekaa mbele yangu sasa hivi, akiandika, na sina cha kumpa.