Matundu Juu ya Dirisha la Mama

Mwaka wa pili tangu familia yetu irudi Mocímboa da Praia baada ya vita, dari la chumba cha mama lilianza kuota ukungu. Ulianzia pembeni, juu ya kichwa cha kitanda, vidoa vyeusi kama mbegu za papai, kisha ukatambaa hadi kwenye taa. Mama ana pumu. Masika yalipofika alikohoa hadi akawa anasali ameketi.

Kaka yangu alikuwa na dawa moja tu, tinta. Kila Ramadhani ilipokaribia alipanda juu ya meza na kopo la rangi nyeupe, akapaka juu ya ukungu ule ule, bila kuuosha wala kungoja mbao zikauke. Wageni wa Idi wakasifu weupe wa chumba. Kabla ya Mfungo Tatu weusi ulikuwa umeshatokeza, na rangi inabanduka vipande vipande na kumwangukia mama kwenye shuka. Mama naye akafukiza ubani kila Alhamisi jioni, mlango umefungwa ili moshi usipotee. Uvundo ulijificha, unyevu ukabaki.

Mimi nilikuwa nimekaa mjini Pemba, kusini mwa mji wetu, miaka yote ya taabu, nikifundisha shule, na niliporudi nilirudi na ujuaji. Nilichukia kumsikia mama akikohoa. Nilimchukia zaidi kaka.

Nikaishika kazi mwenyewe. Kwanza nilitafuta maji yanakotoka: misumari miwili ya bati ilikuwa imelegea, nikaziba kwa lami. Nikamhamishia mama ukumbini. Nikajifunga kitambaa puani, nikalilowesha dari kabla ya kulisugua ili vumbi la ukungu lisiruke, nikaliosha kwa javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na maji, bila kuchanganya na siki wala dawa nyingine, kisha nikaacha dirisha wazi siku tatu. Hapo ndipo nilipotazama vizuri juu ya dirisha. Matundu ya hewa yote sita yalikuwa yamezibwa kwa saruji. Baba, aliyeuawa siku vita vilipoingia mjini, aliyaacha makusudi alipojenga, na akayaita pua za nyumba.

Nilimwuliza kaka, mbele ya mkewe, ni mjinga gani aliyeyaziba. Akasema ni yeye. Nikamwambia anamuua mama kwa uvivu wake, na kwamba kuficha uchafu si kusafisha. Nilisema na mengine ambayo mpaka leo nayaonea haya.

“Mana, dada yangu, yaache yalivyo,” alisema tu.

Nikachukua tindo na nyundo. Asubuhi moja ilitosha kuyatoboa yote. Upepo ukaingia, dari likakauka kabisa, nikalipaka rangi, nikamrudishia mama chumba chake huku najisifu moyoni. Siku nne hakulala humo. Alitandika mkeka ukumbini akidai godoro linamuumiza mgongo. Siku ya tano nilimkuta amesimama juu ya kigoda, na pumu yake ile, anasokomeza vipande vya kanga kwenye matundu.

Nilimkumbusha kwamba hata hospitali walisema anahitaji hewa. Alishuka, akaketi kitandani, akasubiri pumzi imrudie.

“Mwanangu, hewa naijua,” alisema. “Ni kwenye matundu hayo nilikosikia baba yako akiitwa nje. Nikasikia na yaliyofuata. Wewe hukuwapo. Mimi ndiye niliyemwomba kaka yako ayazibe, nikamwambia asikwambie.”

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimewafundisha watoto wa watu methali hiyo mara nyingi, nikaiandika ubaoni, nikawapa na maana yake. Nyumbani kwetu nilikuja na nyundo.

Nilikwenda kwa kaka kuomba saruji. Alinipa iliyobaki, akanipa na mwiko, hakuniuliza ya nini. Nikayaziba matundu yote sita kwa mkono wangu, nikijua ukungu utarudi na masika. Mama alikaa nyuma yangu akinionyesha palipobaki mwanya. Nilipomaliza alikohoa kwa muda mrefu, akanishukuru, akapanda kitandani mwake akalala.