Injini za Ami Salim

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi huko Guangzhou, mwanangu, miaka ile ambayo nusu ya Mombasa ilikuwa ikienda China kununua bidhaa. Nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi, nikiandika utafiti juu ya injini za mwanzo za ndege za Waingereza. Ami yangu Salim, aliyenilea tangu utotoni, alikuja kununua injini za pampu za maji, nami nikawa mkalimani wake.

Laobani, yaani mwenye kiwanda, aliwasha injini moja, ikanguruma vizuri, akaizima kabla haijapata moto. Nikamnong'oneza ami tuombe iendeshwe kutwa nzima ikivuta maji. Nikamsimulia niliyokuwa nikiyasoma: Waingereza, Vita vya Kwanza vya Dunia vikielekea mwisho, waliagiza injini mpya ya ndege kwa wingi kabla ya kuijaribu vya kutosha. Ilipofungwa kwenye ndege ikachemka, ikatetemeka mpaka krenki, kile chuma kinachozunguka ndani yake, ikakatika.

Lakini viwanda vilikuwa karibu kufungwa kwa Mwaka Mpya wa Wachina, na meli ilikuwa tayari bandarini Huangpu. Ami akanikatiza mbele ya laobani.

"Nimekuleta unifasirie, si unisomeshe. Mwambie tumekubali."

Nikamwambia.

Injini zilifika Mombasa, na haukupita muda wakulima wakaanza kuzirudisha, krenki zimekatika. Duka la ami likafungwa. Aliona haya, akaacha kunipigia simu. Nami nilikaa kimya kungoja aseme neno moja tu, kwamba nilisema kweli. Niliona ni haki yangu. Tukaendelea hivyo, mpaka simu iliyokuja ikawa ya binamu yangu, kunipa habari ya msiba wa ami.

Matangani, mjane wake alinikalisha pembeni.

"Kila aliyerudi kutoka Guangzhou, ami yako alimuuliza kama unakula vizuri, kama una koti la baridi. Kukupigia mwenyewe hakuweza."

Nililia, mwanangu, na hata leo yananiuma.

Basi nakuusia. Ukiwa na haki na ndugu yako amekosea, mfuate wewe kwanza. Yeye aibu imemfunga miguu, wewe hujafungwa na kitu. Usingoje kuombwa radhi. Mpigie, muulize ameamkaje, mengine yatajisema yenyewe. Mungu akupe moyo mwepesi wa kuanza salamu, na unaowapenda akuwekee hai mpaka uwafikie.