Mwanasesere wa Bibi Miriamu

Juzi, kwenye soko la Weston, niliona mwanasesere wa kitambaa asiye na uso. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Utotoni tulipanga nyumba shambani kwa Waamishi, wakulima wasiotumia umeme. Watu weusi tulikuwa mimi na mama tu. Jirani yetu Bibi Miriamu, aliyenukia maziwa na sabuni, alinishonea mwanasesere kama huyo. Nilidhani ameshindwa kuushona uso mweusi, nikauchora mwenyewe kwa kalamu. Alipouona nikaangua kilio, nikiamini nimeiharibu zawadi yake na watatufukuza.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Wanasesere wetu wote hawana nyuso, ndivyo dini yetu inavyotaka."

Alipogeuka, mjukuu wake Sara akanisogezea mwanasesere wake. "Nichoree na huyu," alininong'oneza. "Afanane na wako."