Soma ya Wagiriki

Miaka ya sitini tuliishi karibu na bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay. Mume wangu alianza kusinzia mchana, tonge mkononi. Usiku alizunguka boma akizungumza na ng'ombe. Mtu wa afya alipopita sokoni alisema bonde letu lina tripanosoma waletao malale, na wenye dalili kama hizo wapelekwe hospitali mjini wakapimwe damu.

Neno hilo nusura limuue mume wangu. Sisi Wakristo tuliitwa josomo, yaani wasomaji, na mama mkwe, ambaye hakuwa amebatizwa, alisikia mwisho wa tripanosoma tu.

"Umesikia mwenyewe? Soma! Ni ugonjwa wa vitabu vyako. Mwanangu alikuwa mzima kabla hajaoa msomaji. Sasa wanataka damu yake. Wanaipeleka wapi?"

Nikamwambia huletwa na mbung'o.

"Mbung'o walimuuma hata babu yangu. Mbona yeye hakusoma?"

Hata mimi niliiogopa sindano ya kutoa damu. Na bila ruhusa ya mama, hakuna mtu bomani ambaye angembeba mgonjwa. Nikasali, kisha nikamwita pasta wetu, aliyejifunza Kigiriki chuo cha Biblia.

Hakukaribishwa ndani, kwa hiyo alizungumza akiwa mlangoni. "Mama, hiyo si soma yetu. Ni ya Wagiriki. Kwao soma ni mwili. Ndilo neno la Meza ya Bwana. Na tripano ni keke, ile ya seremala ya kutobolea mbao. Mwili kama keke."

"Mwili wa nani?"

"Wa mdudu. Mdogo, haonekani kwa macho."

"Haonekani! Kama Mungu wako, pasta. Na huyo Mgiriki alimwonea wapi? Ana ng'ombe Lambwe?"

Pasta akacheka. "Twende ukamtazame. Usipomwona, rudi na mwanao."

Mama mkwe akakubali mgonjwa abebwe. Hospitalini alikataa kuketi. Kidole cha mume wangu kilipochomwa, alilifuata lile tone la damu hadi mezani, asije mtu akalibadilisha. Wakamsogezea hadubini. Alifumba macho yote mawili, akaelekezwa, akainama tena.

"Kanajipinda," alisema. "Kanapita katikati ya damu kama kanatoboa." Akamgeukia mpimaji. "Mmekaweka nyinyi?"

"Hapana, mama."

"Basi katoeni. Lakini mimi siondoki hapa."

Alilala chini, kando ya kitanda, mpaka mume wangu alipopona, namshukuru Mungu. Kila dawa iliyoletwa, aliinusa kwanza.