Regyuleta ya Mama Mable

Hii ninayowapa hamtaiamini, na wala siwalaumu. Voi yetu hii kulikuwa na mwanamke aliyeliambia jua "basi, imetosha", na jua likatii. Ndiyo, jua hili hili la kwetu, linalokaanga mawe pale Miasenyi mpaka mbuzi wanasimama kwa zamu, mguu huu halafu ule. Alilizuia kwa kisanduku cha bati kisichozidi Biblia ya kanisani. Nyinyi mliomaliza shule chekeni kwanza. Mkimaliza, niko hapa.

Jina lake Gertrude Wakesho, lakini ukimuulizia kwa jina hilo watu watakukodolea macho. Ulizia Mama Mable wa betri. Duka lake lilikuwa nyuma ya stesheni, chumba kimoja chenye harufu ya asidi na meza iliyoliwa pembe zote. Mumewe Ambrose alilifungua miaka ya sitini, gari moshi likiwa bado na moshi wa kweli. Ambrose alipofariki mwaka wa sabini na nne, watu walingoja wamwone mjane akiuza mashine ya kuchajia na kupanda Wundanyi kulima kabichi. Jumatatu iliyofuata alivaa aproni ya marehemu, akafungua mlango, akamuuliza mteja wa kwanza, "Hii betri umeifanya nini, umeipiga?"

Leso zake zote zilikuwa na matundu ya asidi. Akisimama kanisani kuimba, unaona dirisha kupitia mgongo wake. Akina mama wakimtania, anawajibu, "Nyinyi mna maua, mimi nina nyota." Na betri haanzi kuipima kwa chombo. Anafungua vifuniko, ananusa, anategesha sikio kama daktari kifuani mwa mgonjwa. "Hii imechemshwa." "Hii imelala njaa." Kipimo kinachukuliwa baadaye, kumthibitishia tu mwenye mali.

Basi, mwezi wa tatu mwaka wa themanini na sita, lori la kutoka Kasigau, nililokuwa nikiliendesha mimi, likasimama mbele ya duka. Akashuka Sista Peris, muuguzi wa zahanati ya kule mlimani, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, na betri mbili kubwa nyuma yake. Hakusalimia. Alikaa kwenye debe, akaanza kulia.

"Mama Mable, ni za pili kufa. Za tatu zikifa, wafadhili wanaihamisha friji. Wameshaandika barua."

Friji hiyo ilikuwa ya chanjo, ikiendeshwa kwa sola, maana stima Kasigau ilikuwa hadithi. Kabla yake, mama mwenye mtoto wa kuchanjwa alisubiri lori, na lori lilisubiri barabara ikauke. Mwaka mmoja surua ilikuja lori likiwa limekwama. Sista Peris hapendi kuisimulia habari hiyo, na mimi pia nitaipita.

Mama Mable akafungua vifuniko, akanusa. Ndani pakavu kama kibuyu.

"Zimechemka mpaka zimekauka. Regyuleta iko wapi?"

Regyuleta ndiyo kile kisanduku chetu. Hukaa katikati ya paneli na betri. Betri ikishiba inafunga jua lisizidi kuingia, na betri ikikaribia kuishiwa inatoa onyo, halafu inakata matumizi.

"Iliungua. Fundi akaunga waya moja kwa moja."

"Na betri mnaziweka wapi?"

"Pazuri kabisa. Mzee Nzembi, mlinzi wetu, anazitoa nje kila asubuhi, waya ni mrefu, anazianika juani juu ya bati."

Mama Mable akafunga duka, akapanda lori.

Sasa msimcheke Mzee Nzembi, maana hata nyinyi mmewahi kuanika betri za redio juu ya paa ziamke kidogo mpate kusikiliza mpira. Yeye alifanya vivyo hivyo kwa mapenzi, kilo ishirini na kitu kila moja, asubuhi nje, jioni ndani, kwa mgongo wake mwenyewe.

"Nimefufua betri kwa jua kabla uhuru haujaja," alimwambia Mama Mable walipokutana uani. "Betri ni betri."

"Zile ndogo ni kweli zinaamka, mzee wangu. Hizi zina maji. Hebu weka mkono juu ya hilo bati."

Aliweka. Akautoa mbio.

"Na kiti chako mbona umekiweka kivulini?"

Watu waliokuwa pale wakaangua kicheko, lakini Mama Mable aliwageukia kwa jicho lililowanyamazisha. Akampa Nzembi kufuli na ufunguo wake. "Nataka kibanda cha kuwekea betri. Kiwe na paa la nyasi, na hewa ipite. Jua likizigusa nitakuuliza wewe, si Sista." Mzee alijenga kwa siku mbili, na tangu hapo ukikaribia kibanda kile hata kwa kivuli chako anakuuliza unataka nini.

Wiki iliyofuata wafadhili walimtuma fundi kijana, Crispus, na betri mpya na regyuleta mbili wachague. Moja ilikuwa maridadi, ina mshale wa kipimo na taa tatu. Ya pili ilikuwa nzito, ya kijivu, ina mbavu za bati mgongoni na taa mbili tu, ya kijani na nyekundu.

"Hii yenye mshale ni ya kisasa, mama," alisema Crispus. "Inabeba umeme wa ampea kumi."

"Na paneli nne hizi, saa sita mchana, kila moja inatoa ngapi?"

"Tatu hivi."

"Tatu mara nne?"

Crispus alitazama viatu. "Kumi na mbili."

"Na wingu likipasuka ghafla?"

"Zinaongeza kidogo."

"Basi huyu mwenye mshale ni ndugu ya yule aliyeungua. Nipe hiyo mbaya. Ina ngapi?"

"Ishirini."

"Na imepangiwa betri za kufungua kama hizi, au zile zilizozibwa?"

Fundi akafungua kifuniko, akakuta swichi ya ndani iko upande wa betri zilizozibwa, akaigeuza. Alipochukua waya wa paneli auchomeke, Mama Mable akampiga kofi la mkononi.

"Betri kwanza, mwanangu! Sanduku likutane na betri kwanza, ndipo ulifungulie jua."

"Mama, ulisoma chuo gani?"

"Cha Ambrose. Mitihani ilikuwa jikoni."

Walikining'iniza kisanduku ukutani ndani ya kibanda, na jerikeni la maji ya betri kutoka Voi likawekwa chini yake. Maji ya kisima yalipigwa marufuku, yana chumvi. Mambo yakaenda vizuri mpaka mwezi wa saba.

Mwezi wa saba ukungu huuvaa mlima wa Kasigau kama kofia ya kulalia. Wageni wa wafadhili walikuwa waje Ijumaa kuamua kama friji ibaki. Mama Mable alifika Jumanne kukagua maji ya betri, akakuta siku ya pili jua halijaonekana. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi asubuhi taa nyekundu ikawaka.

"Tuunge waya moja kwa moja!" Sista Peris alikuwa tayari ameshika koleo. "Wakikuta friji imezima kesho, wanaondoka nayo!"

"Ukiunga, utainyonya betri mpaka ife, na friji itazima vilevile. Hiyo taa ni onyo, Sista, bado haijakata. Tupunguze walaji."

Taa za zahanati zikazimwa. Blanketi likawekwa juu ya mfuniko wa friji, na hakuna aliyeruhusiwa kuufungua. Ikabaki redio ya Mzee Nzembi, ambayo jioni humsomea matangazo ya vifo. Mzee aliichomoa mwenyewe.

"Aliyekufa leo hatanikasirikia nikijua kesho," alisema.

Mama Mable alikaa kibandani mkono juu ya kisanduku. Miaka kumi na miwili alikuwa akiwaambia watu betri zao zina nini, na siku hiyo hakujua kama hii ingefika kesho. Nilimwona tu akikunja na kukunjua ile leso ya nyota.

Ijumaa saa nne ukungu ukapasuka kama kitambaa kilichooza. Jua likazipiga paneli zote nne kwa mkupuo mmoja, ile ghafla aliyomuuliza Crispus. Mama Mable akashika mbavu za kisanduku: zina joto la uji wa mtoto, basi. Ile yenye mshale ingekuwa moshi. Taa nyekundu ikazima, na alasiri betri ziliposhiba ikawaka ya kijani. Jua likaambiwa basi.

Wageni walikuwa wamefika saa saba. Wakafunua friji, wakasoma kipimajoto: nyuzi sita, na kilitakiwa kisipite nane. Wakaandika. Friji ikabaki.

Sista Peris akagonga kengele ya kanisa. Akina mama wakashuka mlimani na watoto mgongoni, foleni ikaanzia mlangoni pa zahanati, ikapita kanisani, ikauzunguka mlima mzima ikarudi kujikanyaga mkia, na mimi kwa macho yangu haya nilihesabu watoto elfu mbili mia tatu na—

"Wangapi?" Mama Mable mwenyewe, nyuma ya kiti changu, anasoma haya ninayoandika. "Obadiah, ndugu yangu, walikuwa arobaini na mmoja. Na wewe ulikuwa umelala chini ya lori."